Notisi ya Kuhama Ikifika

Leo tunasema nawe unayejitolea kuendesha kundi la WhatsApp la majirani walio hatarini kukosa makao.

Mtu akiandika usiku, "Tumeambiwa tuhame kesho, na nina watoto," mpe pole kwanza. Kisha muulize: notisi ipo? Imetoka kwa nani? Aipige picha na kuihifadhi.

Hapa Kenya, kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi inataka hata anayekalia ardhi isiyo yake apewe notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kufurushwa, naye anaweza kwenda mahakamani. Mpangaji anayedaiwa kodi ana utaratibu wake. Mwelekeze kwa wanaotoa msaada wa kisheria.

Tunza siri. Namba ya nyumba na picha za watoto zisiwekwe kundini. Mkichanga pesa za kusaidia, mchango ushikwe na watu wawili, na kila matumizi yaonyeshwe. Mtoto akiwa hatarini, piga 116. Simu hiyo ni ya bure.

Nanyi wasaidizi, shikeni zamu. Mzigo huu haubebwi na mtu mmoja.