Kishikwambi Hakisomeshi Peke Yake



Nimeombwa nizungumzie mitambo na kusoma kwa watoto wetu. Nitaanzia Tanga.

Kuanzia Desemba 2017 hadi Machi 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya taasisi ya XPRIZE, kwa ushirikiano na Serikali yetu na UNESCO. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamepata kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili waligawana dola milioni 10.

Hayo ni mafanikio, na asiyeyakiri ana inda. Lakini ile nusu iliyobaki je? Mtoto aliyekaa na mtambo miezi 15 asiweze kusoma neno "maji", tumpe mtambo wa bei kubwa zaidi? Huyo anahitaji mtu wa kuketi naye.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Redio ile haikuachwa iseme peke yake: palikuwa na kiongozi wa kikundi, kijitabu mkononi na mjadala baada ya kipindi, kisha watu wakashika majembe, wakachimba vyoo. Hata huko Tanga vishikwambi havikujitia chaji vyenyewe. Walikuwapo akina mama wa vijijini waliokabidhiwa kazi ya kutunza vituo vya umeme wa jua. (Katika sherehe za tuzo, watu wa namna hiyo hutajwa mwishoni, kama wakitajwa.)

Programu zile sasa zimeachwa wazi, yeyote aweza kuzichukua bila malipo. Basi kazi iliyo mbele yetu haihitaji kumsubiri mfadhili. Mtoto akishajua kusoma humaliza upesi hadithi zilizomo, kisha huanza kurudia zile zile. Nawaomba, ndugu walimu, kila mmoja aandike hadithi moja fupi, ya mambo anayoyaona mtoto wa kijijini kwake, tuzikusanye kabla ya muhula ujao. Ya kwangu nimekwisha ianza: inamhusu punda wa Pangani aliyekataa kupanda pantoni.