Mkono Unaotangulia Akili: Kumsaidia Mtoto Anayejichuna Ngozi



Mhadhara wa kwanza wa profesa aghalabu hubeba mada kubwa. Yangu ni ile ambayo mzazi huitaja mwishoni, akiwa ameshasimama kuondoka kliniki, mkono uko kwenye kitasa cha mlango: “Halafu, Daktari, huyu hachoki kujichuna. Akiona kigaga lazima akibandue. Tumemkataza mpaka tumechoka sisi.”

Hoja yangu ni fupi. Mtoto huyu si mkaidi, ndiyo maana makatazo hayamfai kitu. Anahitaji kufundishwa kuuona mkono wake mapema, kuupa mkono huo kazi nyingine, na kuwa na mtu mzima aliye upande wake.

Tatizo lenyewe

Hakuna mtoto asiyewahi kubandua kigaga cha goti. Tunaanza kusema kuna tatizo pale vidonda vinapojirudia, mtoto amejaribu kuacha akashindwa, na jambo hilo limeanza kumtia dhiki au kumharibia masomo, michezo na urafiki. Mmoja huchuna ngozi ya kando ya kucha, mwingine midomo, mwingine kichwa, mwingine miguu iliyoumwa na mbu. Wanaobalehe hugeukia chunusi.

Tatizo hili si la jana. Daktari wa ngozi Erasmus Wilson aliliandika huko London mwaka 1875. Mwaka 1898 Louis Brocq, Mfaransa, alieleza habari za wasichana waliotumbua chunusi zao mpaka nyuso zikabaki na makovu. Hata hivyo, ilipita zaidi ya karne moja kabla halijatambuliwa rasmi. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliorodhesha kama ugonjwa unaojitegemea, na toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, limeliweka kundi moja na tabia ya kujing’oa nywele. Toleo hilo la 2013 la mwongozo wa Marekani lilikadiria kwamba asilimia 1.4 ya watu wazima au zaidi kidogo wamewahi kuwa nalo, robo tatu au zaidi yao wakiwa wanawake, na kwamba mara nyingi huanza wakati wa kubalehe. Kwa hesabu hiyo, ukumbi uliojaa kama huu hauwezi kukosa wanaolijua kwa ngozi zao wenyewe.

Tusilichanganye na kujikata. Mtoto anayejikata mara nyingi anayatafuta yale maumivu, au anajiadhibu. Anayejichuna hatafuti maumivu. Anatafuta kuondoa kitu anachohisi hakistahili kuwa pale. Kama hujui ni lipi kati ya hayo mawili, muulize kwa upole, na usikie jibu lake mpaka mwisho.

Anza na ngozi

Kabla hatujazungumzia tabia, tuhakikishe mtoto hawashwi. Upele bado ni mwingi katika nchi zetu, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya tropiki yasiyopewa kipaumbele. Kama mtoto anawashwa zaidi usiku, ana vipele katikati ya vidole, na ndugu anaolala nao wanajikuna pia, hiyo ni kazi ya dawa ya upele kwa nyumba nzima. Pumu ya ngozi, chawa na mzio wa kuumwa na wadudu nayo yatafutwe. Lakini kosa la upande wa pili lipo pia: mtoto anayejichuna kupakwa dawa ya upele mara tatu, mara nne, kila mara ikimuunguza kwenye ngozi iliyo wazi, wakati hana upele. Tusikate tamaa ya kupata mtu wa kututofautishia haya. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda hii, kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika.

Vidonda vyenyewe visipuuzwe. Ngozi nyeusi huacha madoa yanayokaa miezi mingi, na kwa wengine kovu hufura likawa kubwa kuliko kidonda kilichokuwapo. Vidonda vikiota usaha, baadhi ya vimelea vyake vinaweza kuleta ugonjwa wa figo wiki chache baadaye. Ukiona uso wa mtoto umevimba asubuhi, au mkojo una rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mkono unavyofanya kazi

Mtazameni mtoto wa miaka kumi anayefanya hesabu mezani jioni. Mkono wa kulia umeshika kalamu. Wa kushoto unatulia kidogo, kisha unapanda taratibu mpaka kiwiko cha mkono wa pili. Ncha za vidole zinapapasa. Zinatafuta ukingo wa kigaga, kijipele, ngozi iliyokauka. Zikikipata, zinasimama hapo. Ukucha unaingia chini ya ukingo, unanyanyua, unaacha, unanyanyua tena. Macho bado yako kwenye daftari. Kigaga kinatoka, mtoto anakifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, pengine anakitazama, pengine anakitia mdomoni. Tone la damu linadondoka kwenye ukurasa, na hapo ndipo naye anapogundua alichokuwa akifanya.

Wapo wanaojichuna hivyo, bila habari. Wapo wanaofanya kwa kudhamiria: wanasimama mbele ya kioo, wana wasiwasi au hasira, wanataka ngozi iwe laini. Wengi huchanganya yote mawili. Katika hali zote mkono hupata mshahara wake papo hapo: kilichokwaruza kimeondoka, wasiwasi umeshuka, uchovu wa kukaa umekatika. Kidonda nacho kinaota kigaga kipya, na kesho vidole vina cha kutafuta.

Sasa sikilizeni neno “Acha!” linavyoingia hapo. Linafika mkono ukiwa umeshalipwa. Linaongeza aibu, aibu inaongeza dhiki, dhiki inaurudisha mkono palepale. Mtoto anachojifunza ni kuhamia chooni, au kuvaa mikono mirefu mchana wa joto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila tujiulize pia nani alimfundisha mtoto huyu kuficha. Wapo wanaompaka pilipili au shubiri vidoleni, kama anayenyonya kidole. Pilipili inayokwenda kwenye kidonda kibichi ni mateso, na mkono bado hauambiwi uende wapi.

Njia ya kumsaidia

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, walichapisha njia ya kuzigeuza tabia za namna hii. Njia hiyo imeboreshwa tangu wakati huo, lakini nguzo zake ni zilezile, na wala haihitaji mashine yoyote.

Kwanza ni kujua. Kwa wiki moja, hakuna kukataza. Mtoto anakuwa na kijidaftari anachoandika: nilikuwa wapi, saa ngapi, mkono upi, nilikuwa nafanya nini, nilihisi nini kabla. Daftari ni lake. Mzazi anasoma akiruhusiwa. Wiki ikiisha, picha inajitokeza yenyewe. Huyu ni wakati wa runinga. Yule ni kitandani kabla usingizi haujamchukua. Mwingine ni kila anapooga na kukuta vigaga vimelainika. Kisha fanyeni mazoezi ya kuutambua mkono ukiwa bado njiani, haujagusa ngozi.

Pili ni kazi mbadala. Mkono ukianza safari, mtoto anafumba ngumi taratibu na kuishikilia kwa dakika moja, au anashika ukingo wa kiti, mpaka hamu ipungue. Kitendo hicho kiwe na sifa mbili: kisiwezekane kufanyika pamoja na kujichuna, na kiweze kufanyika darasani bila mtu kugeuka. Kifanyieni mazoezi mtoto akiwa ametulia. Siku ya dhiki si siku ya kuanza kujifunza.

Vidole vinavyopenda kutafuta na kung’oa vipewe kitu cha kutafuta na kung’oa. Nyumba zetu zimejaa kazi hizo: kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kumenya karanga, kutunga shanga, kusuka ukili. Mtoto anayekaa mbele ya runinga na ungo wa karanga ana mikono yenye shughuli. Asipewe kazi hizo kama adhabu, na zisiwe kazi za kumaliza debe zima.

Tatu ni mazingira. Kucha zikatwe fupi na kusuguliwa ncha. Ngozi ipakwe mafuta ya mgando, kwa sababu vidole haviwindi penye ulaini. Kidonda kibichi kifunikwe kwa plasta au kitambaa safi. Mtoto alale ndani ya neti: kila mbu asiyemuuma ni kigaga kimoja pungufu. Kama tatizo ni kioo cha bafuni, muda wa kukaa mbele yake upunguzwe kwa makubaliano.

Nne ni msaidizi, na hapa ndipo wazazi wengi tunapokwama, kwa kuwa tumezoea uaskari. Kubalianeni ishara moja isiyo na ukali, kama kugusa bega, na mtoto ndiye aichague. Msifuni kwa alichofanya: “Nimeona ulifumba ngumi.” Acheni ukaguzi wa mikono mbele ya wageni. Na lengo la mwezi wa kwanza lisiwe ngozi safi. Liwe vidonda vipya vichache kuliko mwezi uliopita. Wakati wa mitihani vitaongezeka, na hilo halifuti kazi iliyokwisha kufanyika.

Kuhusu dawa

Wazazi wanaosoma mtandaoni huniuliza kuhusu dawa iitwayo N-asetilisisteini. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, watu wazima 66 walishirikishwa kwa wiki 12: kati ya waliofika mwisho, asilimia 47 ya walioipata walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni matokeo ya kutia moyo, kwa watu wazima. Ilipojaribiwa kwa watoto 39 wanaojing’oa nywele, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, haikuonyesha tofauti. Kwa hiyo msikimbilie duka la dawa. Mtoto mwenye wasiwasi mwingi, huzuni au mawazo yanayomganda anahitaji kuonwa na daktari wa akili au mwanasaikolojia, na hapo ndipo suala la dawa lizungumzwe.

Shule na chuo

Walimu, mtoto mwenye vidonda mikononi asitengwe dawati lake wala asiitwe mbele ya mstari kuonyesha mikono. Wenzake wakiuliza, inatosha kusema kwamba kujichuna hakuambukizi. Mruhusuni ashike kipande cha kamba au kifutio akisikiliza somo. Na sisi wa chuo tuna deni: wauguzi, walimu na maofisa wa ustawi wa jamii tunaowafundisha watoke hapa wakiwa wamewahi kulisikia tatizo hili.

Mzazi anayerudi nyumbani usiku huu hahitaji kumsubiri mtaalamu ndipo aanze. Achague saa ambayo hakuna anayejichuna wala aliyekasirika, akae na mwanawe, amwambie: “Nimeona mkono wako unakusumbua. Sitakugombeza tena kwa hilo. Wiki hii tuutazame pamoja.” Kisha atimize ahadi yake, hasa asubuhi atakayokuta damu kwenye shuka, kwa maana asubuhi hiyo ndiyo mtoto atakayojua kama mzazi alisema kweli.