SIKU MOJA NDANI YA LIEMBA
(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Manyoni, Singida)



Mwaka 2009, sisi watu wanne wa hapa Manyoni tulisafiri kwa meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika. Tuliondoka Kigoma Jumatano jioni. Leo tunawasimulia habari za Alhamisi, maana siku hiyo tulikuwa majini kutwa nzima.

Kulipokucha tulipanda juu. Sisi tumezoea ziwa la Singidani. Ukisimama huku, ng'ambo unaiona. Lakini hapa maji yalikwenda mpaka milima ya Kongo, nayo ilionekana mbali kama moshi. Kina cha ziwa hilo chapita mita 1,400! Mwenzetu mmoja alishika chuma cha meli kwa mikono miwili, hakiachii. Tulimcheka, kumbe na sisi tuliogopa.

Vijiji vingi vya ziwani havina gati. Meli ilipiga honi, ikasimama mbali na ufuko. Mara mitumbwi ikaizunguka. Magunia ya dagaa, kuku, watu, vyote vilipandia ubavuni. Mama mmoja alipitisha mtoto kwanza, halafu kapu, halafu akapanda mwenyewe.

Mchana tulimkuta baharia mmoja mzee.

"Shikamoo mzee. Meli hii ina umri gani?"

"Marahaba wanangu. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Ninyi mwatoka wapi?"

"Manyoni."

Akacheka. "Basi ilipita kwenu!"

Ni kweli. Meli ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku mengi. Ikaja Dar es Salaam, ikapakiwa garimoshi la Reli ya Kati. Ikapita Manyoni na Itigi mpaka Kigoma. Huko ikaungwa tena, ikaingia majini mwaka 1915.

Mwaka 1916 Wajerumani walishindwa vita huko. Wakaizamisha wenyewe, ili adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Ndugu zetu, tulinyamaza. Tuliikumbuka pampu ya maji ya kijijini kwetu. Ilikuja mpya, lakini haikumaliza miaka mitatu. Akina mama wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Pampu ile hakuna adui aliyeizamisha. Ni sisi wenyewe tuliiacha bila grisi.

Tuliporudi tulifanya mambo mawili. Kila nyumba ilitoa fedha kidogo, pampu ikatengenezwa. Tena tukanunua daftari. Kila ikipakwa grisi, tunaandika tarehe na jina la aliyepaka. Ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Wahenga walisema: Kitunze kikutunze.

Je, ndugu, pampu ya kijijini kwenu ilipakwa grisi lini? Nani aliandika?