Kutoa Bei ya Nyumba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Lindi)



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya kununua nyumba. Jambo hili ni kubwa, nasi hatuna elimu ya mawakili. Walakini twaijua sehemu moja yake, nayo ni ile saa mnunuzi anapotaja bei, kwa kuwa hapo ndipo tulipoteleza sisi wenyewe.

Katika pwani yetu habari za namna hii ni za kale. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, mgeni wa kutoka Shirazi, alifika Kisiwani akataka kukaa. Mwenye kisiwa akakubali kukiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka. Nguo zikatolewa, muuzaji akavuka bara. Kisha akajuta, akarudi na watu wake akitaraji kuvuka kwa miguu maji yakupwapo. Kumbe mnunuzi amekwisha kuuchimba mkondo, maji hayakauki tena. Wataalamu wa siku hizi hawaikubali hadithi hiyo yote, lakini hapana shaka aliyeisimulia aliwajua wauzaji.

Sasa kosa letu. Tulipohamishiwa Kilwa Masoko tulipenda nyumba moja huko Kivinje, ya mawe na chokaa, yenye baraza pana. Mzee aliyekaa humo alikuwa na dhiki ya fedha, na dalali alikwisha kutunong'oneza. Basi tukataja bei ndogo kwa kusudi, tukijiona werevu. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya, mwanangu, lete arbuni." Tukatoa shilingi laki tano usiku ule ule, bila karatasi, shahidi dalali peke yake. Siku ya tisa akaja dada yake kutoka Lindi. Tulimwamkia, akaitikia kwa upole, akauliza, "Mwanangu, nani kakuuzia nyumba ya baba yetu?" Mirathi haikuwa imegawanywa, na warithi walikuwa watano. Arbuni ilikuwa imekwisha liwa. Hatukuwa na la kumjibu, na hata leo twaona haki ilikuwa upande wake.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kutaja bei yapasa kumjua mwenye haki ya kuikubali. Ikiwa mwenye nyumba amekufa, msimamizi wa mirathi aonyeshe barua aliyopewa na mahakama. Ikiwa ni mume, mkewe naye asikie. Maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Yako na maswali ya wazee wetu, ambayo vijana huyacheka. Je, hii ni bei kataa, au ni bei ya khiyari, ambayo muuzaji akipata fedha aweza kuikomboa nyumba yake? Na minazi iliyo uani imo katika bei? Pwani hii mti waweza kuwa wa mtu mmoja na kiwanja cha mwingine.

Ardhi nayo ina hesabu yake. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Tununuacho ni nyumba pamoja na haki ya kuikalia ardhi, ambayo kwa hati haizidi miaka 99. Sharti basi tupekue kwa Msajili wa Hati: jina ni la nani, miaka imesalia mingapi, nyumba imewekwa rehani au la. Pasipo hati, tuwaulize serikali ya mtaa na majirani wa pande zote nne.

Ndipo bei. Nyumba za mawe huliwa na chumvi, na boriti huliwa na mchwa. Tuzitazame wakati wa masika, tuhesabu matengenezo, na hesabu hiyo tumwonyeshe muuzaji waziwazi. Kumpunguzia mtu kwa sababu dari yake yavuja ni haki. Kumpunguzia kwa sababu ana mgonjwa hospitali ni jambo jingine, na mtu wa namna hiyo ndiye ajutaye mapema.

Mwisho iandikwe barua: bei, arbuni, siku ya kumaliza malipo, na arbuni itakuwa ya nani mapatano yakivunjika. Sheria ile ile yataka mkataba wa kuuza uwe wa maandishi. Saini kwanza, fedha baadaye.

Nyumba tuliyo nayo leo hapa Lindi ilituzidi bei ile ya Kivinje. Barua yetu ilipita mikono ya warithi saba. Mmoja yuko Tanga, ikamfuata kwa basi, nasi tukangoja wiki tatu huku dalali akitucheka. Ilirudi na saini, na chini yake ameandika kwamba mlango wa mbele ubaki na nyumba, bali kabati la mama yao watalijia. Wakalijia.