MAZUNGUMZO: KUZISOMA TAKWIMU ZA AFYA YA AKILI YA WANAFUNZI WALIO UGENINI

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa Serikali wanaoshughulikia masomo ya nje na kwa wazazi wenye vijana walio ng'ambo.



Mzazi wa Unguja au Pemba anapompigia simu mwanawe aliye masomoni nchi za mbali, huuliza "hujambo" na hujibiwa "sijambo". Ndivyo adabu ilivyo. Hata mgonjwa aliyelala kitandani hutanguliza sijambo, kisha ndipo akaeleza maradhi yake. Khofu ni kwamba kijana aliye mbali huweza kuishia kwenye sijambo.

Vipo vyuo vilivyoamua kuuliza kwa maandishi. Kimojawapo ni Chuo Kikuu cha Ritsumeikan Asia Pacific, kilichofunguliwa mwaka 2000 katika mji wa Beppu, kisiwa cha Kyushu, Japani, ambacho karibu nusu ya wanafunzi wake ni wageni. Mwaka 2018 wanafunzi 268 wa chuo hicho walijibu dodoso. 201 kati yao walikuwa wageni na 67 wenyeji. Majibu yalitangazwa mwaka 2019, bila ya majina, ili kila mwenye kutaka ayachambue.

Miongoni mwa mizani zilizotumika katika dodoso hilo ni hizi tatu. Ya kwanza, PHQ-9, ina masuala tisa kuhusu huzuni, usingizi, hamu ya chakula na mengineyo katika wiki mbili zilizopita. Jumla yake huanzia 0 hadi 27, na alama 10 na zaidi humtaka mtaalamu amtazame mhusika kwa karibu. Ya pili hupima jinsi mtu anavyojihisi kuwa pamoja na wenziwe. Ya tatu ina masuala 36 juu ya dhiki za ugenini: kubaguliwa, kukumbuka nyumbani, khofu, na hata kujilaumu kwa kuwaacha jamaa. Alama zake huanzia 36 hadi 180.

Wageni wakipangwa kwa miaka waliyokaa Japani, hesabu hutoka hivi. Wa mwaka 1 walikuwa 95, wastani wao wa huzuni 7.48 na wa dhiki 72.80. Wa miaka 2 walikuwa 39, wenye 8.28 na 77.67. Wa miaka 3 walikuwa 46, wenye 9.09 na 78.00. Wa miaka 4 walikuwa 14, wenye 8.57 na 87.71. Aliyezoea kusikia kwamba mwaka wa mwanzo ndio mgumu, kisha mtu huzoea, atashangaa.

Lakini asikimbilie kutoa hukumu. Hao si watu wale wale waliofuatwa mwaka hadi mwaka. Ni makundi mbalimbali yaliyoulizwa kwa wakati mmoja. Tena, waliobaki miaka mingi huenda ni watu wa namna nyengine, kwa masomo yao au kwa umri wao.

Hatari kubwa zaidi imo katika mistari ya chini ya jedwali. Aliyekaa miaka 10 ana alama 13 za huzuni, kuliko makundi yote. Mkuu wa idara akiuona mstari huo peke yake, huenda akaagiza fedha za ushauri nasaha zipelekwe kwa wakaaji wa muda mrefu. Mstari huo una mtu 1 tu! Wa miaka 5 naye ni mtu 1: huzuni 0, dhiki 91. Mtu mmoja hana wastani. Ana hali yake tu. Wote waliokaa miaka 4 na zaidi wakikusanywa pamoja, wanakuwa 21, wastani wa huzuni ni 7.86 na wa dhiki 78.81, na ile ngazi ya dhiki iliyoruka juu ghafla katika mwaka wa 4 haionekani tena, bali inapanda kidogo tu. Wakati huo huo, wanafunzi 180 kati ya 201 wamo katika miaka mitatu ya mwanzo, na huko ndiko wenye haja wengi wanakotarajiwa kupatikana.

Wastani nao huficha. Kundi lenye 7.48 linasomeka kuwa na huzuni hafifu, ilhali ndani yake huenda wamo wenye 2 na wenye 18. Kwa hiyo lazima wahesabiwe waliofikia 10, kila kundi mbali. Suala la tisa, linalouliza juu ya mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, lisiachwe lifichwe na jumla. Aliyejibu ndiyo hata kidogo aonwe upesi, ingawa jumla yake ni 3.

Maafisa watakaotumia dodoso la namna hii kwa wanafunzi wa visiwani wazingatie pia siri. PHQ-9 ya Kiswahili imekwisha kutumika Kenya na Tanzania, hivyo lugha si kikwazo. Lakini visiwani watu wanajuana. Jedwali likiandika "Pemba, msichana, udaktari, mwaka wa tano, mtu 1", mtaa mzima utamjua kabla ya magharibi, na mwakani hakuna atakayejibu kwa ukweli. Makundi madogo yaunganishwe kabla ya karatasi kutoka ofisini.