Mume, Mke na Maikrofoni

Mchezo wa mume na mke ni rahisi kwa redio kuliko mchezo mwingine wowote. Sauti mbili zinatosha. Msikilizaji wa Namoruputh, kule Loima, Turkana, hahitaji kuonyeshwa nyumba: akisikia mume anayejua idadi ya mbuzi wa jirani lakini hajui kwamba dumu la maji nyumbani limekauka, nyumba ameshaijua na huenda anamjua hata mwenye nyumba.

Mabingwa wa mchezo huu walikuwa Wamarekani, George Burns na Gracie Allen. Walipoanza jukwaani, Burns alijigawia vichekesho vyote. Gracie kazi yake ilikuwa kuuliza maswali. Watu wakacheka maswali, majibu yakapita kimya. Burns hakununa. Alimpa Gracie vichekesho, yeye akabaki muulizaji, na mwaka 1926 wakaoana. Mwaka 1933 Gracie alizunguka vipindi vya redio vya watu wengine akimtafuta kaka yake eti amepotea. Mwaka 1940 akajitangaza kuwa anagombea urais.

Lakini hewani walikuwa bado wanajifanya kijana na msichana wanaotaniana. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1940 wasikilizaji wakaanza kupungua, na Burns mwenyewe ndiye aliyegundua ugonjwa: nchi nzima ilijua ni mume na mke, wenye watoto wawili wa kulea, kwa hiyo utani wa uchumba ulishawazidi umri. Wakaanza kuigiza ndoa. Wasikilizaji wakarudi.

Kenya mambo yalikwenda kinyume kabisa, tena kwenye televisheni. Katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi, Mzee Ojwang na Mama Kayai waligombana kwa miaka mingi hadi watu wengi wakaamini kwamba wanalala nyumba moja. Waigizaji wao, Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza lafudhi ya Kijaluo, na Mary Khavere, hawakuwa wameoana. Burns alikuwa na cheti cha ndoa, na uchumba wake wa hewani haukuaminika; Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa na ugomvi tu, ukatosha.

Tanzania walichukua ndoa hiyohiyo wakaipeleka pabaya kwa makusudi. Tamthilia ya Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania mwaka 1993, ilikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, ambaye mwishowe alichoka, akamwacha, akaanza biashara yake. Hapo kicheko kilikuwa haba, maana UKIMWI ulikuwa barabarani pamoja na lori.

Turudi Turkana: Lodwar kuna Radio Akicha, Kakuma kuna redio ya Ata Nayeche. Siku mojawapo ya redio hizo ikitaka wanandoa wake wa Kiturkana, isianze kwa kutafuta waigizaji. Watu wenye maneno Turkana hawakosekani. Ianze na mwandishi, na imlipe. Burns alikuwa na kundi zima la waandishi, ndugu yake Willie akiwemo, kwa kipindi cha nusu saa kwa wiki.