PISHI AU KILO?

Mazungumzo na wanakisomo wa pwani ya Tanga



Leo tuzungumze habari ya vipimo. Juzi nilikaa barazani na mzee mvuvi na bibi mmoja mkulima. Alikuwepo pia mjukuu wa bibi, kijana wa dukani. Mnajua bibi na mjukuu ni watani. Basi maneno yakaanza.

Bibi akasema, "Hiyo kilo yenu imetoka wapi? Sisi tumekua na kibaba. Vibaba viwili, kisaga. Visaga viwili, pishi. Tena wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nani amesikia haba na haba hujaza kilo?"

Tukacheka. Kijana akajibu, "Kibaba cha nani, bibi? Mwenye hila huwa na vibaba viwili. Kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Na nguo je? Tukipima kwa mkono, babu huyu mrefu kama mnazi anapata shuka. Mimi mfupi napata kitambaa cha kufutia jasho!"

Mvuvi akadakia, "Nguo pimeni mtakavyo. Mimi baharini napima kina kwa pima. Nanyosha mikono miwili, nahesabu kamba. Hiyo mita nitaishika kwa meno?"

"Na kamba yenyewe ukinunua dukani, babu?"

"Aa, dukani nataka mita! Mwenye duka mikono yake mifupi."

Bibi hakukubali. "Lakini kilo ni ya wageni."

Kijana akasema, "Na frasila je, ilizaliwa Tongoni? Ilikuja na majahazi. Wari na maili zikaja na Waingereza. Mita na kilo zilianza Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1795. Huko nako kila mji ulikuwa na kipimo chake, watu wakipunjana. Sisi tukaanza kuzihamia miaka ya mwisho ya 1960."

Hapo bibi akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Mwaka jana niliuza mahindi, magunia sita. Mnunuzi akashindilia, akaongeza kichwa juu, akashona. Lumbesa. Kila moja iliingia debe saba."

Kijana akatoa kalamu. Gunia la kawaida kwao ni debe sita. Akaandika:

6 × 7 = 42
42 ÷ 6 = 7

"Bibi, umetoa magunia saba. Umelipwa sita."

Bibi akashika tama. "Gunia zima! Na hesabu hiyo naijua. Cheti changu cha kisomo kimetundikwa ukutani!"

Ndugu zangu, hapo hatukucheka tena. Gunia moja ni chakula cha watoto.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuuze kwa mizani. Debe la mahindi na debe la dagaa wakavu hazina uzito mmoja, lakini kilo ni kilo. Pili, tukatae lumbesa. Sheria inaikataza. Tatu, tusiiamini mizani kwa kuwa inang'aa tu. Kabla mzigo haujawekwa, tazama mshale umesimama kwenye sifuri. Tazama kama ina alama ya kukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Nne, andika kilo zako kwenye daftari mwenyewe, palepale. Kalamu uliyojifunza kuishika ndiyo mlinzi wako.

Je, pishi tuitupe? La. Waislamu bado wanaijua pishi ya zakatul-fitri, nayo siku hizi hukadiriwa kilo mbili na nusu hivi. Mvuvi naye abaki na pima yake baharini, maana samaki hawamlalamikii. Lakini penye fedha, kipimo kiwe kimoja kwa muuzaji na mnunuzi.

Tulipoagana, bibi alisema, "Haya mjukuu wangu, umeshinda. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe, kabla sijakiuza, nitakipitisha kwenye mizani!"